Kununua nyumba Kagarama: hati huonyesha mwenye kiwanja, haionyeshi njia ya maji

Anayetafuta nyumba mjini Kigali huuliza mambo mawili kabla ya yote: bei ni kiasi gani, na hati iko kwa jina la nani. Swali la tatu, yaani maji ya mvua hupita wapi, aghalabu huulizwa baada ya mvua kubwa ya kwanza, wakati fedha zimekwisha kulipwa na familia imekwisha kuhamia. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi katika tarafa ya Kagarama, wilayani Kicukiro, anapaswa kuyachunguza kabla ya kutia saini, na namna ya kuilinda nyumba baada ya kuinunua. Mengi ya yanayoelezwa humu yanawahusu pia wakazi wa maeneo mengine ya jiji yaliyo juu ya vilima na kando ya mabonde.

Kwa nini mtu wa kilimani ahofie mafuriko?

Kagarama ni mojawapo ya tarafa kumi za wilaya ya Kicukiro, kusini mwa Jiji la Kigali. Kama ilivyo sehemu kubwa ya jiji hili, ni eneo la vilima, miteremko na mabonde. Upande huu wa mji umevutia wajenzi wengi katika miaka ya karibuni, na mahali palipokuwa na mashamba sasa pana mapaa ya bati na nyua zilizosakafiwa.

Wengi huamini kwamba mafuriko ni tatizo la watu wa bondeni peke yao. Imani hiyo ina ukweli nusu. Bondeni ndiko maji yanakotuama, lakini yanakusanyika juu. Kabla ya ujenzi, sehemu ya mvua ilinywewa na udongo na mizizi ya mimea. Paa la bati, ua wa saruji na barabara ya lami havinywi maji. Kila tone linalovidondokea huteremka, na kadiri linavyoteremka ndivyo linavyoongeza kasi.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 30 za mvua, humwaga lita 3,000. Nyumba 50 za namna hiyo katika mteremko mmoja humwaga lita 150,000, na hapo bado hayajahesabiwa maji ya nyua na barabara. Maji hayo yasipopata mtaro hujitafutia njia, na njia hiyo huweza kupita katika kiwanja cha mtu, chini ya ukuta wake au katikati ya sebule yake.

Kwa hiyo mkazi wa Kagarama anakabiliwa na hatari tatu zinazotofautiana. Ya kwanza ni mafuriko ya bondeni, pale maji yanapojaa na kuingia ndani ya nyumba. Ya pili ni mkondo wa ghafla unaoteremka kutoka juu, unaochimba makorongo na kubomoa nyua. Ya tatu ni maporomoko ya ardhi, pale udongo uliolowa unapoachia na kushuka pamoja na kilichojengwa juu yake. Nyumba iliyo salama dhidi ya hatari moja huenda isiwe salama dhidi ya nyingine.

Yaliyotokea nchini na kwa majirani

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini. Zaidi ya watu 130 walipoteza maisha na zaidi ya nyumba 5,000 zilibomoka. Wilayani Rubavu, mto Sebeya ulifurika na kuingia majumbani. Wengi wa waliofariki walikuwa ndani ya nyumba zao, wakiwa wamelala.

Siku moja baadaye, tarehe 4 Mei 2023, ng'ambo ya Ziwa Kivu, mafuriko yalivikumba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini, na kuua mamia ya watu. Mwezi Aprili 2020, mji wa Uvira nchini Kongo na eneo la Gatumba nchini Burundi yalikuwa yamefurika pia. Mwezi Aprili na Mei 2024 ikawa zamu ya Nairobi, ambako wakazi wa mtaa wa Mathare na wengine waliojenga kando ya mito walipoteza makazi.

Jijini Kigali kwenyewe, hatua kubwa ilichukuliwa mwezi Desemba 2019, pale mamlaka zilipoanza kuzihamisha familia zilizokuwa zikiishi katika ardhi oevu, ambazo kwa Kinyarwanda huitwa ibishanga, na katika miteremko iliyotajwa kuwa hatarishi. Nyumba nyingi zilibomolewa. Viwanda vya bonde la Gikondo navyo vilitakiwa kuondoka, na bonde hilo ni miongoni mwa maeneo matano yaliyopangiwa kurudishwa katika hali yake ya asili. Mengine ni Nyabugogo, Rwampara, Kibumba na Rugenge-Rwintare. Bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilitangulia kuonyesha jinsi bonde lililoharibika linavyoweza kurudishiwa kazi yake ya kuyapokea na kuyapunguza kasi maji ya mvua.

Kwa mnunuzi, matukio hayo yana fundisho moja. Nyumba iliyo mahali pasipofaa inaweza kupotea kwa njia mbili: kwa maji, au kwa amri ya kuhama.

Sheria inasema nini?

Nchini Rwanda, ardhi oevu ni mali ya Serikali. Sheria nambari 27/2021 ya tarehe 10 Juni 2021 inayosimamia ardhi, pamoja na sheria ya mazingira nambari 48/2018 ya tarehe 13 Agosti 2018, zinaweka mipaka ya matumizi ya maeneo hayo. Kanuni ya kutojenga ndani ya mita 20 kutoka ukingo wa ardhi oevu si ngeni. Ilikuwemo tangu katika sheria ya mazingira ya mwaka 2005. Sheria hiyo ya 2005 ilitaka pia shughuli za kilimo na ufugaji zikae mita 10 kutoka kingo za mito na mita 50 kutoka kingo za maziwa.

Jambo hili lina uzito wa fedha. Serikali inapotwaa mali ya mtu kwa manufaa ya umma, sheria nambari 32/2015 inamtaka mhusika alipwe fidia ya haki. Lakini fidia hudaiwa na mwenye haki inayotambulika. Aliyejenga bila kibali, au mahali palipokatazwa, anasimama pabaya mno mbele ya sheria, hata kama alimlipa muuzaji bei kamili. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, hata ikiwa na mashahidi watano, haimpi mnunuzi haki ambayo muuzaji mwenyewe hakuwa nayo.

Uchunguzi wa nyaraka kabla ya malipo

Rwanda ilisajili viwanja vyake vyote kati ya mwaka 2009 na 2013 katika zoezi lililofikia zaidi ya viwanja milioni 10. Kila kiwanja kina nambari yake ya utambulisho, maarufu kama UPI, inayotaja mkoa au jiji, wilaya, tarafa, seli na kiwanja chenyewe. Tangu Januari 2023, hati hutolewa kwa njia ya kidijitali, na karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa muuzaji haitoshi tena kuwa ushahidi wa hali ya kiwanja leo. Mnunuzi makini hufuata hatua zifuatazo.

1. Huomba nambari ya UPI mapema. Muuzaji anayesitasita kuitoa ameshatoa jibu.

2. Huihakiki nambari hiyo katika mfumo wa Mamlaka ya Taifa ya Ardhi, au huomba msaada katika ofisi ya ardhi ya tarafa au wilaya. Anachotafuta ni jina la mwenye kiwanja, ukubwa wake, matumizi yaliyoruhusiwa, na kama kuna rehani ya benki, zuio au mgogoro.

3. Hutazama mpango mkuu wa Jiji la Kigali, uliopitishwa mwaka 2020 na unaotazama hadi mwaka 2050. Ramani za mpango huo huonyesha maeneo ya makazi, ya kilimo, ya misitu na ya ardhi oevu. Kiwanja kinaweza kuwa na hati halali lakini kikawa katika eneo lisiloruhusiwa makazi, au sehemu yake ikawa ndani ya ukanda wa kinga wa bonde. Hati halali si kibali cha kujenga.

4. Hudai kibali cha ujenzi cha nyumba iliyopo na kukilinganisha na kilichojengwa. Kibali kikitaja nyumba moja na uani zipo tatu, mbili za ziada ni mzigo atakaourithi mnunuzi.

5. Humwita mpima ardhi aoneshe mipaka. Kando ya korongo au mtaro hili ni la lazima, kwa sababu ukuta wa uzio mara nyingi husogezwa kuelekea bondeni kuliko mpaka uliosajiliwa.

6. Huhakikisha kwamba wote walioandikwa kwenye hati wamekubali kuuza, akiwemo mume au mke. Uhamisho hufanywa mbele ya mthibitishaji mwenye mamlaka ya masuala ya ardhi, na malipo ya mwisho hayatangulii hatua hiyo.

Kuisoma nyumba kwa macho

Nyaraka zikishakuwa safi, kazi ya pili ni ya miguu. Wauzaji hupenda kuonyesha nyumba katika kiangazi, kati ya Juni na Agosti, udongo ukiwa mkavu na kuta zikiwa zimepakwa rangi mpya. Mnunuzi anayeweza kusubiri hurudi wakati wa mvua za masika, yaani itumba, kuanzia Machi hadi Mei, au wakati wa vuli, yaani umuhindo, kuanzia Septemba hadi Desemba. Saa moja ya kusimama na mwavuli mbele ya lango wakati mvua inanyesha humfundisha mengi kuliko ziara kumi za jua kali.

Asiyeweza kusubiri hutafuta alama ambazo maji huziacha. Mstari wa uchafu au rangi iliyobabuka sentimita chache juu ya sakafu, katika vyumba vyote kwa kimo kimoja, ni dalili ya maji yaliyoingia na kutuama. Rangi mpya sehemu ya chini tu ya ukuta ni jambo la kuulizia. Mchanga uliorundikana nyuma ya nyumba, mizizi ya miti iliyoachwa wazi, na nguzo za uzio zilizoinama huonyesha mahali mkondo unapopita. Ufa mrefu ardhini unaofuata ubavu wa kilima, au miti iliyoinamia bondeni, ni dalili ya udongo unaosogea, na hapo ushauri wa mhandisi hauepukiki.

Kisha mnunuzi hupanda juu ya kiwanja kuona ni mapaa mangapi yanaelekeza maji upande huo, na kama kuna mtaro wa umma, ruhurura kwa Kinyarwanda, unaoyapokea. Hushuka pia hadi bondeni kuona mtaro huo unaishia wapi. Mtaro mpana unaoingia katika kalvati jembamba ni mafuriko yanayosubiri siku yake.

Hatimaye huwauliza watu. Mpangaji aliyekaa hapo miaka mitatu, mwenye duka la jirani na mkuu wa kijiji, yaani umudugudu, wanajua maji yalifika wapi mwaka gani. Maswali mazuri ni yale mepesi: Mvua ikinyesha usiku, mnahamisha vitu? Ukuta huu ulijengwa upya lini? Nani aliishi hapa kabla, na kwa nini alihama?

Kuilinda nyumba iliyokwisha kununuliwa

Si kila aliyegundua kasoro anaweza kuuza na kuondoka. Nyumba nyingi zilizo katika miteremko zinaweza kuimarishwa, na kazi huanzia kwenye paa. Mifereji ya bati iliyounganishwa na tangi huzuia sehemu ya maji yasiteremke mara moja. Tangi la lita 5,000 linatosha kupokea lita 3,000 za mfano wetu, kwa sharti moja ambalo wengi husahau: liwe na nafasi. Tangi lililojaa tangu wiki iliyopita halizuii chochote. Katika msimu wa mvua maji yake hutumiwa kufulia, kuoshea na kumwagilia, ili mvua ijayo ikute nafasi, na bomba la kumwagia ziada huelekezwa kwenye mtaro, si kwa jirani.

Msingi ndio unaofuata. Nyumba za matofali ya udongo mbichi, yajulikanayo Rwanda kama rukarakara, huweza kudumu miaka mingi zikiwa kavu, lakini tofali lililoloweka hupoteza nguvu na ukuta huanguka bila onyo refu. Nyumba ya namna hiyo huhitaji msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani, lipu sehemu ya chini, na paa lenye upenu mpana. Mtaro wa zege wenye mteremko kidogo, unaoizunguka nyumba yote, huyaondoa maji kabla hayajafika kwenye msingi.

Panapokuwa na kingo iliyochimbwa, ukuta wa kuzuia udongo hujengwa kwa ushauri wa mhandisi, na lazima uwe na matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu huzuia udongo pamoja na maji, na uzito wa maji ndio unaouangusha. Kuta nyingi zinazoanguka wakati wa masika huonekana nene na imara. Kilichokosekana ni hayo matundu madogo. Shimo la kupokelea maji machafu nalo lisiwekwe karibu na ukingo wa mteremko, kwa kuwa hulowesha udongo kutoka ndani mwaka mzima.

Uani, nyasi, changarawe na matofali yaliyoachiwa nafasi hunywa maji kuliko saruji. Miti na nyasi zenye mizizi mingi hushika udongo wa mteremko. Soketi za umeme zikipandishwa juu, na hati, vyeti na vitabu vya watoto vikihifadhiwa kabati la juu ndani ya mfuko usiopitisha maji, hasara hupungua hata kama maji yataingia.

Bima: maswali ya kuuliza

Bima ya nyumba aghalabu ni bima ya moto ambayo hatari nyingine huongezwa juu yake. Mwenye nyumba asidhani kwamba mafuriko yamo. Aulize na aoneshwe yalipoandikwa. Aulize pia kama maporomoko ya ardhi yanahesabiwa pamoja na mafuriko au ni hatari nyingine, kama vitu vya ndani vimo, na ni kiasi gani atakachojilipia mwenyewe kabla ya bima kulipa. Thamani inayokatiwa bima ni gharama ya kuijenga upya nyumba, wala si bei ya kiwanja.

Anayenunua kwa mkopo akumbuke kwamba bima inayodaiwa na benki hulinda kwanza fedha za benki. Na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa endapo nyumba ilijengwa bila kibali au mahali palipokatazwa. Picha za nyumba zilizopigwa kabla ya msimu wa mvua, pamoja na risiti za matengenezo, hurahisisha madai.

Mvua inapokuwa kubwa

Taarifa za hali ya hewa hutolewa na shirika la Meteo Rwanda na kutangazwa redioni. Katika familia, kila mtu anapaswa kujua mapema mahali pa kukimbilia, na mahali hapo pasiwe chini ya ukuta wa jirani wala kando ya mtaro. Usiku wa mvua kubwa, wanaolala katika vyumba vilivyo chini ya kingo huhamia upande mwingine wa nyumba au kwa jirani aliye salama. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu kabla maji hayajaingia, si baada yake. Mlango unaoanza kugoma, ufa unaopanuka ghafla, au maji ya tope yanayobubujika ukutani ni ishara za kutoka mara moja, bila kurudi kuchukua mali. Polisi hupatikana kwa simu nambari 112.

Maji ya nyumba moja ni mafuriko ya nyumba nyingine

Kuna ulinzi mmoja ambao hakuna mwenye nyumba anayeweza kuununua peke yake. Tangi la mkazi wa juu humlinda mkazi wa chini, na mtaro ulioziba kwa taka za mtaa mmoja huufurisha mtaa wa pili. Kazi ya umuganda, inayofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ni nafasi ya kuzibua mitaro kabla ya Machi na kabla ya Septemba, na mikutano ya kijiji ni mahali pa kuuliza kalvati jembamba litapanuliwa lini. Mnunuzi mgeni anayefika na kuuliza maswali hayo huwa ameanza ujirani vizuri.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mteremko wa Kagarama, usemi huo unaweza kuchukuliwa neno kwa neno: ufa ulioonekana Agosti huzibwa kwa ndoo moja ya saruji, na ulioachwa hadi Aprili huweza kudai ukuta mzima, pengine na waliolala nyuma yake.